Nani ashike kisu? Kisa cha mnada mmoja Chamwino na serikali iliyojikuta inaamua halali na haramu

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu sana. Kilitokea mwaka 2013 kwenye kijiji kimoja wilaya ya Chamwino hapa Dodoma, jina la kijiji naliacha kwasababu wahusika wapo na bado wanaishi mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa nafundisha historia na uraia pale sekondari ya kata, nikaingizwa kwenye hii ishu sio kwa cheo chochote, walikuwa wanatafuta mtu wa kuandika muhtasari wa kikao ambaye pande zote zitakubali kwamba ataandika kilichosemwa na sio anachokitaka yeye, basi wakasema mwalimu wa historia aje na daftari lake.

Kwa asiyeujua mnada wa huku kwetu, watu wanaleta ng'ombe, mbuzi, kuku wa kienyeji, mitumba, majembe, ndoo, kila kitu, ila kusema ukweli wengi wanakuja kula nyama. Mbuzi ananunuliwa asubuhi, anachinjwa nyuma ya mabanda kwenye karo la simenti, bwana mifugo anakagua, muhuri unapigwa, ushuru unalipwa, saa nne moshi umeshatanda uwanja mzima na wachomaji wanaita wateja. Na kwa miaka yote ambayo mtu yeyote pale anaikumbuka mchinjaji alikuwa mwislamu. Huyu wa wakati ule alikuwa mzee mmoja mgogo wa palepale, kisu alirithi kwa baba yake ambaye aliwahi kuchinjia mafundi wa reli, na kila mbuzi alikuwa analipwa kitu kidogo, wenyewe wanaita hela ya kisu. Hakuna popote palipoandikwa kwamba lazima achinje yeye. Mkristo akinunua mbuzi wake wa kuchoma anampelekea mzee, mzee anachinja, basi, kila mteja anakula, na hata kwenye misiba na harusi za wakristo ni hivohivo, unamwita jirani mwislamu akuchinjie ili shemeji zako na wageni wako wasikae na njaa kwenye shughuli yako. Wagogo wengi familia moja ina dini zote mbili, kaka katekista, dada kaolewa na mwislamu wa Kondoa, babu hana hiki wala kile. Kwahiyo ule utaratibu ulikuwa ni adabu ya nyumbani kabla haujawa kitu kingine chochote.

Sasa mwaka 2012 kuelekea 2013 hali ya hewa ilibadilika nchi nzima. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala baada ya lile tukio la mtoto aliyedaiwa kuukojolea msahafu. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, mchungaji akauawa kwenye vurugu za mambo hayahaya ya nani achinje. Redio zilikuwa zinasema hayo asubuhi na jioni. Hapo kijijini kulikuwa na kanisa la kilokole jipyajipya, vijana wengi, wana moto, na baadhi yao ni wachoma nyama pale mnadani. Baada ya habari za Buseresere wakaacha kwenda kwa mzee. Wakaanza kuchinja wenyewe, mbuzi wao, kisu chao, wakasema kwanini mkristo alipie hela ya kisu kwa mtu wa imani nyingine ilhali mikono anayo, na wengine wakaongeza kwamba nyama ikisomewa maneno ya dini nyingine ni kama imetolewa sadaka huko.

Mnada wa kwanza wakachinja mbuzi wanne kimyakimya. Kosa lilikuwa hapo kwenye kimyakimya. Mzee mmoja muuza kondoo, mwislamu, swala tano, alikunywa supu kwenye banda la kijana mmoja kama alivyozoea miaka yote, akamaliza bakuli, ndo mtu akamnong'oneza. Nilimuona yule mzee. Hakupiga kelele, alitembea mpaka nyuma ya lori la mahindi akajitapisha. Kwa mimi hiyo ndo picha ya kisa chote, na kila nikisikia mtu anasema haya mambo ni madogo, ni nyama tu, namkumbuka.

Kabla ya saa sita mtu akatamka neno kibudu. Kwa wasiojua uzito wake, kibudu ni mnyama aliyekufa mwenyewe, mzoga, kumwambia mkristo kwamba alichochinja ni kibudu ni kumwambia mikono yako haina tofauti na ugonjwa. Majiko mawili yakapinduliwa, kijana mmoja akaungua mguu. Polisi wakaja wawili na pikipiki.

Kesho yake mtendaji akabandika karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Iliandikwa kwa mkono, ina muhuri, inasema kuanzia leo wanaoruhusiwa kuchinja mnadani ni waislamu peke yao na atakayekiuka atapigwa faini na banda lake kufungwa. Sitaki mtu amhukumu vibaya mtendaji, nilimfahamu, alikuwa anatetemeka kwa hofu asije akazika mtu, na alikuwa amesikia redioni kwamba wakubwa wamesema utaratibu wa zamani uendelee, akaona anatekeleza. Na yeye mwenyewe alikuwa mkristo, kwahiyo hakuna wa kusema alipendelea dini yake. Lakini ile karatasi iliharibu kuliko majiko yaliyopinduliwa, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kabla ya karatasi, mkristo kumpelekea mzee mbuzi ilikuwa hisani, yani mimi nakujali wewe jirani yangu. Baada ya karatasi ni amri. Tendo lilelile, kisu kilekile, ila ladha imekuwa nyingine. Mchoma nyama mmoja mzee wa Anglikana ambaye miaka thelathini amempelekea yule mzee mbuzi bila kinyongo aliniambia, mwalimu, mimi nilikuwa natoa, sasa ivi naambiwa natozwa, sijui nifanyeje. Na upande wa waislamu nako, vijana wakaanza kuitembeza ile karatasi kama hati ya ushindi, kwamba serikali imetambua nyama ya kweli ni ipi. Sheikh wao mwenyewe haikumpendeza hiyo, nitafika huko.

Ukifundisha historia huu mtego unaujua. Ufaransa mwaka 1598 mfalme Henri wa nne, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya wakatoliki na waprotestanti kuchinjana, alitoa ile amri ya Nantes, akawapa waprotestanti ruhusa ya kuabudu sehemu fulanifulani na miji ya kujilinda. Ilileta amani kweli, sio kidogo. Lakini ilikuwa ruhusa ya mfalme, na kitu cha kupewa kinaweza kunyang'anywa, mwaka 1685 mjukuu wake Louis wa kumi na nne akaifuta kwa amri nyingine na waprotestanti malaki wakakimbia nchi. Waingereza nao 1689 wakapitisha sheria yao ya uvumilivu wa dini, ila ikawaacha nje wakatoliki, na hata wale waliovumiliwa waliendelea kufungiwa vyeo vya serikali mpaka 1828, wakatoliki mpaka 1829. Yani kuvumiliwa maana yake kuna mwenye nyumba na kuna mpangaji, mpangaji anakaa vizuri tu mradi mwenye nyumba hajabadilisha mawazo. Virginia kule Marekani mwaka 1786 walipopitisha sheria yao ya uhuru wa dini ndo unaona lugha imeanza kugeuka, sio tena serikali inakuruhusu uamini, ni kwamba serikali haina mamlaka hapo toka mwanzo.

Na sisi tupo wapi? Zamani za watemi wa Ugogo mtawala ndiye alikuwa mwenye mvua, utawala na matambiko ni kigoda kimoja, huwezi kuuliza serikali na dini zinahusianaje kwasababu hazikuwa vitu viwili. Halafu uislamu na ukristo vyote vikapita barabara ileile moja ya misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora, wamisionari wa CMS, shirika la Anglikana la Uingereza, wakaweka kituo Mpwapwa miaka ya 1870 kwenye njia iliyokuwa inakanyagwa na wapagazi na wafanyabiashara waislamu kila siku. Wajerumani wakatawala na maakida, yani maofisa wao wa chini wa utawala, ambao wengi walikuwa waislamu wa pwani, mpaka wamisionari wakawa wanalalamika. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa masharti ya udhamini yaliwataka walinde uhuru wa dhamiri na ibada. Kisha Katiba yetu ya 1977, na mabadiliko ya 1984 yaliyoingiza haki za binadamu, ibara ya 19 inasema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 3 inasema nchi haina dini. Wanafunzi wangu walikuwa wanakariri hii kwa ajili ya mtihani. Mimi mwenyewe nilikuwa naifundisha kama kitu cha kukariri mpaka nilipoona ile karatasi ubaoni.

Wiki iliyofuata kikao kikaitishwa chini ya mbuyu wa shule ya msingi. Walikuwepo mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, bwana mifugo, sheikh, mchungaji wa Anglikana, katekista wa wakatoliki, mchungaji wa kilokole na vijana wake kama kumi, yule mzee mchinjaji, na wafanyabiashara. Polisi walikaa mbali kidogo kwenye kivuli, walijua adabu.

Masaa mawili ya kwanza yalikuwa mabaya. Kijana mmoja wa kilokole akasimama na simu mkononi akasoma tafsiri ya Kurani, Surat Al-Maida aya ya 5, kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwa waislamu, akasema haya sheikh, kitabu chako kimesema, tatizo liko wapi? Akajibiwa kwa kelele. Mchungaji wa Anglikana naye akaleta Paulo kwa Wakorintho, sura ya kumi, kwamba kila kiuzwacho sokoni kuleni bila kuulizauliza, kwahiyo na nyie vijana mnaosema nyama ya mzee ina kasoro mmelitoa wapi? Nao wakamjibu kwa sura ya nane, ile ya vyakula vilivyotolewa sadaka kwa sanamu. Yani ikawa mhadhara. Halafu mtendaji, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake kalamu mkononi, akamgeukia sheikh akasema sheikh naomba utueleze hiyo aya ina maana gani, ili ofisi ijue namna ya kuandika.

Niliacha kuandika. Kwasababu hapo ndo serikali ya kijiji, kwa nia njema kabisa, ilikuwa inataka kuwa mufti. Inataka kusikiliza tafsiri, ichague iliyo sahihi, iigonge muhuri.

Na sheikh ndiye aliyekataa. Nilimheshimu sana siku ile. Alisema, mheshimiwa mtendaji, hiyo aya sisi wenyewe tunaizungumza msikitini, wapo wanazuoni wanasema hivi na wapo wanasema vile kuhusu kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja, mimi nitawaeleza waumini wangu, lakini wewe usiiandike, kwasababu leo ukiiandika kwa namna ninayoipenda mimi, kesho atakuja mtendaji mwingine ataiandika kwa namna nisiyoipenda. Akakaa. Hakuwahi kusoma habari za Nantes yule, alijua tu.

Hapo ndipo akasimama mama mmoja muuza supu. Mkristo, ila mume wake ndugu zake wote waislamu, banda lake lilikuwa la tatu kutoka kwenye karo. Wiki hiyo alikuwa ameuza chini ya nusu ya kawaida kwasababu watu walikuwa wanaogopa kula popote. Akasema, na hii niliiandika neno kwa neno, "Mimi Mungu kaikubali nyama ya nani sijui, nitajua huko mbele nikifika. Mimi nataka kujua mteja akiniuliza mama hii kachinja nani nimjibu nini, na nikimjibu aniamini. Yule mzee alitapika kwasababu alidanganywa. Kama angeambiwa angepita zake angekula banda la pili."

Kikao kikawa kimya kwa namna ambayo ilikuwa haijatokea toka asubuhi. Kwasababu alikuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo sisi wote wenye elimu tulikuwa tumevikoroga. Halali na haramu ni kitu kimoja, ukweli kwenye biashara ni kitu kingine. Cha kwanza serikali haina macho ya kukiona. Cha pili ni kazi yake kabisa, sawa na mizani ya duka.

Mimi nikaomba ruhusa niseme kidogo, kwasababu nilikuwa nimekumbuka kitu. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, kwenye barua yake ya 1689 kuhusu uvumilivu anatoa mfano wa ndama. Anasema mtu akitaka kuchinja ndama wake nyumbani kwake anaweza, hamuumizi mtu, na kwahiyo anaweza kumchinja kwenye ibada vilevile. Ila ikitokea mifugo imekufa kwa tauni na nchi inataka ng'ombe waongezeke, mtawala anaweza kuzuia kuchinja ndama kwa watu wote kwa kazi yoyote, na hapo hajazuia sadaka, kazuia kuchinja, sheria imehusu maslahi ya nchi na sio dini. Bwana mifugo akacheka kwa furaha, akasema ndo kazi yangu hiyo, karantini, nikifunga mnada kwa homa ya mapafu simuulizi mtu anasali wapi. Nikaona wafugaji wale wameelewa haraka kuliko darasa langu lolote, karantini kila mmoja anaijua na hajawahi kuiona ni ya dini fulani.

Naomba niseme kitu kwa wanaodhani haya ni matatizo ya watu wa vijijini. Uswisi mwaka 1893 wananchi walipiga kura kuweka kwenye katiba yao kwamba mnyama asichinjwe kabla ya kupoteza fahamu, lugha ilikuwa ya kumhurumia mnyama lakini chuki dhidi ya wayahudi ilikuwa ndani yake, kwasababu uchinjaji wa kiyahudi ndio uliozuiwa. Miaka mia baadaye, Aprili 1993, mabucha ya kitimoto yakavunjwa Dar es Salaam. Na 1993 hiyohiyo Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta sheria ndogo za mji wa Hialeah, Florida, ambao ulikuwa umezuia kuchinja wanyama kwenye ibada za Santeria, dini yenye asili ya Afrika iliyotokea Kuba. Mji ulisema ni usafi na ukatili kwa wanyama, mahakama ikaangalia ikaona sheria imekatwa na kushonwa ili imvae mtu mmoja tu, uchinjaji mwingine wote umeachwa. Majaji wote walikubaliana kwamba haisimami. Kipimo chao mimi nakiona kizuri mpaka leo, ukitaka kujua kama kanuni ni ya usafi au ni ya dini angalia inamgusa nani peke yake.

Tuirudie karatasi ya mtendaji kwa kipimo hicho. Haikusema kisu kiwe safi, haikusema karo lioshwe, haikusema mchinjaji apimwe afya. Ilisema awe mwislamu. Ni kanuni ya dini moja kwa moja, haijalishi nia.

Lakini pia siwezi kuwaachia wale vijana wa kilokole waondoke na ushindi wote, na hapa najua baadhi ya wakristo wenzangu walinuna. Haki yao ya kuchinja mbuzi wao ilikuwa haki kweli, sina shaka. Ila waliitumia kwa kumficha mteja. Ibara ya 30 ya Katiba hiyohiyo inasema haki zisitumike kwa namna ya kuharibu haki za wengine, na yule muuza kondoo alikuwa na haki ya dhamiri kubwa kama ya kwao, wakaiingilia kupitia tumbo lake. Mchungaji wao alikuwa mgumu mwanzoni, kila akibanwa anasema sisi ndio wengi hapa. Na upande wa pili mtu anajibu wengi nyie nani kawahesabu? Nikasema ukweli ni kwamba hakuna aliyewahesabu, sensa ya mwisho kuuliza dini kwenye nchi hii ilikuwa 1967, na hata wangehesabiwa, dhamiri ya mtu mmoja nyuma ya lori haipunguzwi na wingi wa watu mia tano.

Makubaliano yalichukua vikao vitatu. Karatasi ikatolewa ubaoni, mtendaji aliitoa mwenyewe kwa mkono wake, na ninamsifu kwa hilo kwasababu kuna viongozi wangekufa nayo. Ikaandikwa kwamba kila mnyama wa kuuzwa akaguliwe na bwana mifugo bila kujali kachinjwa na nani. Kila mwenye banda aseme kachinjiwa na nani akiulizwa, na akidanganya anafungiwa kwa kosa la kumdanganya mteja. Mabanda yanayochinjiwa na mzee yakakaa upande wa mashariki, mengine magharibi, visu na magogo ya kukatia visichanganywe. Hela ya kisu ikawa ni mapatano kati ya mtu na mzee, kijiji hakimo. Kuhusu neno kibudu sheikh mwenyewe akakubali kwamba msikiti utalikemea, hilo halikuandikwa, lilikuwa ahadi ya mdomo.

Kilichotokea baadae ndo kilinishangaza. Minada miwili ya kwanza mabanda ya magharibi yalikuwa saba. Mpaka mavuno yalikuwa yamebaki mawili. Hakuna aliyewalazimisha, ni hesabu tu, ukichinjiwa na mzee unawauzia watu wote, usipochinjiwa naye unauzia wakristo peke yao, na yule mzee wa Anglikana alirudi kwa mzee mchinjaji mnada wa kwanza kabisa, akapeleka mbuzi wawili. Nikamuuliza, akasema sasa natoa tena.

Mabanda mawili yaliyobaki yaliendelea mpaka nilipohama, na sikuona kama ni kushindwa. Watu wale waliamini wanachoamini na walikubali kupata hela pungufu kwa ajili yake.

Mzee mchinjaji ndiye aliyeumia na makubaliano hayakumtibu. Yeye hakuona habari ya haki, aliona watoto aliowachinjia harusi za wazazi wao wamemkataa mkono. Alikuwa anasema hela sio kitu, na nilimwamini. Sijui kanuni gani ya serikali ingeweza kufanya lolote kwenye hilo, na nadhani ni vizuri haikujaribu.

Kuna swali moja kikao hakikulimaliza, nalo lilinirudia mimi mwenyewe. Serikali yenyewe ikiwa ndo mwenye chungu inakuwaje? Mwenge unapita, au shule ya serikali ina mahafali, hela ni ya wote, mbuzi watatu, nani ashike kisu? Huwezi kusema kila mtu achague banda lake. Mimi msimamo wangu ulikuwa kwamba mwenyeji anachinja kwa namna ambayo wageni wengi zaidi wataweza kula, kwahiyo tukamwita mzee, na sikuona kama nimeisilimisha shule. Mwenzangu mmoja mwalimu wa hesabu alipinga, akasema ukifanya hivyo kila mwaka inakuwa ileile karatasi ya mtendaji, tofauti haina muhuri tu. Hoja yake sikuwa na jibu lake zuri siku ile.

Siku ya mahafali mama mmoja wa kanisa la kilokole, mwanae alikuwa anamaliza kidato cha nne, alipofika kwenye meza akaruka nyama, akachukua wali, mlenda na maharage aliyoyachota kwenye chungu kidogo cha wapishi wenyewe. Nikamfuata nikamuuliza, mama, tumekukwaza? Akasema hapana mwalimu, mimi hiyo siili, ila wengine wale, sina neno, maharage yenu tu ndo machache.

Mwaka uliofuata tuliyapikia sufuria yake kubwa, na mwalimu wa hesabu ndiye aliyesimamia.